Sare Isiyo Yake

Mama Vipimo alikuwa na tabia moja ambayo mumewe na wateja wake wote walishaizoea: akikutazama mara moja tu anajua kifua chako, kiuno chako na urefu wa mkono wako, na asipojizuia anakutajia hapo hapo mbele za watu. Miaka zaidi ya thelathini ya cherehani ilimpa jicho hilo, na ikamwongezea mdomo. Ukimpelekea kitambaa cha maua makubwa atakuambia waziwazi kwamba mwili wako ni wa maua madogo. Ukibisha atakikunja vizuri, atakurudishia, na kukuelekeza kwa fundi wa jirani, ambaye, atakuongezea bila kuulizwa, hajui kukata kola.

Basi asubuhi ile alipopanga foleni kwenye lango la kupandia ndege, mkoba begani na kidevu juu, hakuwa na wasiwasi hata kidogo na nguo aliyovaa. Lilikuwa gauni la bluu iliyoiva, kola ya kusimama, kiuno kimekaa pake, na ukanda mwembamba wa rangi ya dhahabu kwenye ncha za mikono. Mtu mmoja alikuwa ameshamuuliza choo kiko upande gani. Mama mwingine alimkabidhi kikombe cha karatasi kilichoisha chai, na Mama Vipimo akakipokea, akakitupa pipani, akidhani ni watu wasiojua kukaa na wenzao.

Gauni lenyewe lilikuwa na historia. Miaka tisa nyuma, karakana aliyokuwa akishonea ilipata kazi ya sare za wahudumu wa kampuni hiyo hiyo ya ndege, na zote mia mbili na ushei alizikata yeye. Kazi ilipokwisha likabaki jora moja lenye dosari pembeni, bosi akamgawia. Alilitunza kabatini hadi mwezi uliopita alipokata tiketi. Akaona hakuna heshima kubwa kuliko kupanda chombo cha watu ukiwa umevaa kitambaa chao. Nia yake ilikuwa kukata gauni la kawaida tu. Lakini mkono uliokata kitu kimoja mara mia mbili hauna akili nyingine. Mkasi ulijiendea njia uliyoizoea, na alipozinduka kola ilikuwa imeshasimama.

Mkobani alibeba gauni jingine, na hilo ndilo lililokuwa linampeleka. Mdogo wake, aliyemwita Dogo tangu siku aliyozaliwa na ambaye sasa alikuwa na miaka hamsini na moja, alikuwa anaolewa siku ile ile, saa nane mchana, mbele ya msajili wa ndoa. Dogo alikuwa mwokaji mikate. Bwana harusi alikuwa mtu aliyemletea unga kwa miaka sita kabla ya kupata ujasiri wa kumletea kitu kingine.

Miezi miwili kabla, Dogo alipiga simu.

“Dada, nataka mikono wazi. Bega lionekane.”

“Mikono gani? Hiyo ya tanuri?” Mama Vipimo alisema huku sindano iko mdomoni. “Dogo, wageni watakula au watakaa kuhesabu alama za moto? Nakwambia kwa faida yako.”

Upande wa pili ukasikika mlango wa tanuri ukifungwa.

“Nishonee nilivyokuomba, Dada.”

“Utaliona likifika.”

Akashona mikono mirefu hadi vifundoni, na vifungo vinane kila mmoja, vidogo, vya kufunikwa kwa kitambaa. Haki isemwe, lilikuwa gauni zuri. Kisha akapanga kulipeleka mwenyewe, kwa ndege inayotua saa sita, kwa sababu alijua hakuna bibi arusi anayegombana na gauni zikiwa zimebaki saa mbili. Ndivyo alivyomshinda Dogo tangu utotoni. Anamwachia muda mfupi wa kubisha.

Zamu yake ilipofika langoni, alijikuta ana kwa ana na msimamizi, binti wa miaka thelathini hivi, nywele zimebanwa nyuma, naye amevaa gauni la bluu iliyoiva, kola ya kusimama. Wakatazamana. Nyuma yao mtu akacheka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mama, wewe ni mwenzetu kazini?”

“Mimi ni abiria. Tiketi hii hapa.”

Msimamizi aliitazama tiketi, akalitazama gauni, akamsogeza kando kwa upole. Akamweleza kwamba kuna kanuni mpya, abiria haruhusiwi kuvaa vazi linaloweza kuwafanya wengine wamdhanie mhudumu wa ndege. Kukitokea dharura, alisema, watu watamkimbilia yeye, na yeye atawaambia nini?

“Nitawaambia wakae chini wafunge mikanda. Si ndivyo mnavyosema?”

Foleni nzima ikacheka, na msimamizi mwenyewe akalazimika kutazama pembeni. Wakati huo huo akapita mwanamume mwenye mvi zake, mtu mzima kabisa, suruali imechanika magoti yote mawili hadi ngozi inaonekana. Akapita bila kuulizwa lolote.

“Na huyo?” Mama Vipimo aliuliza, kidole kimenyooka.

“Huyo hafanani na mhudumu, mama.”

“Hafanani na mtu yeyote!” Mama Vipimo akaweka mkoba chini. “Sikiliza mwanangu. Hilo ulilovaa nimelikata mimi. Kwa mkono huu. Halafu kuna mtu amekubana kiuno akapindisha mshono wangu. Nani huyo?”

Msimamizi akajishika kiuno bila kupenda. “Nilikonda,” aliungama. “Nikapeleka kwa fundi wa mtaani.”

“Anaonekana.”

“Mama, sikatai. Gauni lako ni zuri kuliko hata langu. Ila halikufai kulivaa humu. Nakwambia kwa faida yako.”

Mama Vipimo alikuwa ameshafungua mdomo ili ajibu, na jibu lilikuwepo, kali, lakini halikutoka. Maneno hayo yalikuwa yake. Aliwahi kuyasema mara elfu, kwa wateja, kwa mumewe, kwa Dogo, na siku zote aliyaona maneno mazuri, ya mtu anayekutakia mema. Hakujua yanakuwaje ukiwa upande wa kuyapokea. Unasimama mbele za watu, mtu mzima na akili zako, na mwenzako anakuamulia mwili wako ufunikwe na nini, tena kwa sauti ya upole, na huna pa kuupeleka uso. Aliona aibu, kisha hasira, kisha tena aibu, ila hii ya pili haikuhusiana na gauni la bluu.

“Zimebaki dakika ishirini na tano,” msimamizi alisema. “Ukibadilisha nguo unapita. Usipobadilisha, kuna ndege kesho.”

Begi lenye nguo zake lilikuwa limeshaingia tumboni mwa ndege. Mama mmoja kwenye foleni akamwazima sweta, akalijaribu, likagoma kwenye kiwiko.

“Mkobani kuna nini?” msimamizi aliuliza.

“Gauni la harusi la mdogo wangu. Leo saa nane.”

“Si uvae hilo?”

“Nilivae kabla ya bibi arusi?”

Msimamizi alifikiri. “Hata mimi nisingelivaa,” alisema.

Hapo maji yalimfika Mama Vipimo shingoni. Alimwona Dogo amesimama mbele ya msajili na aproni ya unga, kwa sababu dada yake, fundi wa kutajwa, amezuiliwa kwa kosa la kuvaa. Alitaka kulia, na kweli chozi moja lilianza safari. Akainamisha kichwa kutafuta kitambaa cha kujifutia, na alipokuwa anapekua mfuko wa gauni, kidole chake kikagusa bitana, kile kitambaa cha ndani.

Bitana yake ilikuwa kitambaa cha zambarau, kimeshonwa kuanzia kola hadi pindo. Mafundi wengine hutia bitana pale panapoonekana. Mama Vipimo alitia kila mahali, akakata nyuzi zote, akafunika kila mshono kwa utepe, na kwa ajili ya hilo watu walimwona anapoteza muda.

“Choo kiko wapi?” aliuliza, na safari hii ni yeye aliyekuwa anauliza.

Waliingia wote wawili ili gauni ligeuzwe, ndani kuwe nje, maana zipu ilikuwa ya mgongoni na gauni likishageuzwa kishikio kinabaki ndani. Msimamizi alipitisha mkono, akahangaika, akaivuta zipu hadi ilipogoma, na pale juu palipobaki wazi akachomoa pini ya skafu yake mwenyewe akabana. Walikuwa wamekaribiana sana, na wote wawili walikuwa wanatokwa jasho.

“Pumua ndani, mama.”

“Napumua ndani tangu niolewe.”

Alipojitazama kwenye kioo alikuwa mwanamke wa zambarau, amevaa gauni zuri tu la kutokea, isipokuwa mifuko miwili iliyoning'inia ubavuni kama masikio ya mbuzi. Msimamizi alilizunguka akiutafuta uzi uliojitokeza, akaukosa.

“Sijawahi kuona ndani pa nguo pakawa hivi,” alisema.

“Ukirudi zamu nyingine, niletee hilo lako nikunyooshee kiuno.”

Akapanda ndege wa mwisho, viganja vimefunika masikio ya mbuzi, huku watu wote wameshakaa wakimtazama. Kiti chake kilikuwa ubavuni mwa yule bwana wa magoti wazi.

“Pole mama,” bwana yule alisema. “Niliona walivyokusumbua.”

“Ahsante. Na wewe pole ya suruali. Ulianguka?”

“Niliinunua hivi.”

“Uliinunua imechanika?”

“Iliyochanika ndiyo ghali.”

Mama Vipimo alimtazama kuona kama anamtania. Hakuwa anamtania. Siku nyingine angempa somo hadi ndege itue, na angempimia viraka kwa macho. Leo alijikuta anayatazama magoti yale, magoti ya kawaida ya mtu mwenye miaka sitini, na akaona hayamdhuru mtu yeyote.

Ndege ilipotulia juu, alitoa gauni la harusi mkobani, akalitandaza mapajani. Mkasi wake ulikuwa umebaki kwa wakaguzi wa mizigo tangu asubuhi, lakini sindano walimwachia. Akashika bega la kushoto, akatafuta mshono wa mkono, akaingiza ncha ya sindano chini ya mshono wa kwanza, akaukata kwa jino.

“Unafumua?” bwana yule aliuliza, ameshtuka. “Mbona limekwisha, tena zuri?”

“Mwenyewe hakulitaka hivi.”

Kazi haikuwa nyepesi. Mama Vipimo alikuwa na mishono midogo kuliko fundi yeyote aliyemjua, na alikuwa ameirudia mara mbili ili mikono ile isitoke milele. Alijilaani kwa kushona vizuri. Bwana wa magoti alijitolea kumshikia kitambaa kikae mkazo, na wakaenda hivyo, mshono mmoja baada ya mwingine, huku mawingu yakipita dirishani bila mtu wa kuyatazama.

Mikono ikiwa kazini, kichwa nacho kinapata nafasi. Alimwambia Dogo habari ya alama za tanuri, na ni kweli zilikuwepo, vijistari vya kahawia kuanzia kiganjani hadi kiwikoni, vya milango ya moto na sinia za mikate. Lakini kulikuwa na moja ambayo haikuwa ya tanuri. Ilikuwa juu, karibu na bega la kulia, pana kama vidole vitatu. Ile ilikuwa ya pasi ya mkaa. Mama Vipimo alikuwa na miaka kumi na moja, Dogo minne. Mama yao alitoka akamwambia mkubwa amwangalie mdogo, na mkubwa alikuwa ameshona gauni lake la kwanza, la mwanasesere, akataka kulipiga pasi. Akaiweka pasi sakafuni mara moja tu, atafute maji ya kunyunyizia. Mama alipouliza, aliambiwa Dogo amejikwaa akaiangukia mwenyewe. Jambo hilo halikutajwa tena nyumbani, na Dogo alikuwa mdogo mno kukumbuka.

Kwa hiyo mikono mirefu haikuwa kwa ajili ya wageni. Wageni hawakuhusika hata kidogo. Ni yeye ambaye kwa miaka arobaini na saba hakuweza kulitazama bega lile bila kuyakwepesha macho, na leo alitaka kusherehekea harusi ya mdogo wake kwa raha zake, bila kuliona. Alipolikubali hilo moyoni alisikia vibaya sana, na papo hapo akasikia nafuu.

Mhudumu alipita, akainama. “Mama, samahani, gauni lako umeligeuza.”

“Mmenigeuza nyinyi, mwanangu. Ni habari ndefu.”

“Sawa. Ila sindano, tukianza kushuka, uiweke ndani.”

“Nitaiweka.” Na walipoanza kushuka akaiweka, bila neno. Mkono mmoja ulikuwa umetoka. Wa pili, wa kulia, ulikuwa bado umeshikilia, pamoja na vifungo vyake vinane.

Dogo alikuwa na chumba kimoja na jiko nyuma ya duka la mikate, na ukuta wa upande wa tanuri ulikuwa wa vuguvugu mwaka mzima. Alimfungulia dada yake mlango akiwa na gauni la ndani tu, nywele zimeshatengenezwa.

“Shikamoo Dada. Umefika! Mbona una masikio?”

“Marahaba. Niache kwanza.” Kisha Mama Vipimo akaona kitu nyuma ya mlango, akasahau masikio. Kulikuwa na gauni jeupe limetundikwa kwenye msumari. La mikono wazi. Lilikuwa kubwa kifuani kwa inchi mbili na kiuno chake kilishonwa na mtu mwenye haraka. Mama Vipimo aliyaona yote hayo kwa mkupuo, na hakusema hata moja.

“Nimeliazima kwa jirani,” Dogo alisema taratibu. “Usikasirike. Nilijua utaniletea mikono, Dada. Nimekujua miaka hamsini na moja.”

Mama Vipimo alikaa kitandani. Maneno yale yalimchoma kuliko ya langoni, kwa kuwa hayakusemwa kwa hasira. Dogo alikuwa ameshajipanga kuishi na dada aliye hivyo, kama mtu anavyojua bati fulani linavuja akaweka ndoo mapema. Akafungua mkoba, akalitoa gauni, akalinyanyua mbele yake. Mkono mmoja ulining'inia. Upande wa pili palikuwa wazi.

Dogo alitazama upande huu, akatazama upande ule, akaanza kucheka hadi akashika ukuta.

“Mwingine umeuacha wapi?”

“Angani. Huu nao ungetoka, ndege imetua mapema. Nipe mkasi.”

Dogo akampa mkasi wa jikoni. Alivaa gauni kama lilivyokuwa, akakaa karibu na dada yake, akamwekea bega la kulia mbele. Mama Vipimo alikata mshono wa juu, kitambaa kikafunguka kidogo, na ile alama ikaonekana, imekunjamana, inang'aa kama ilivyong'aa siku zote. Mkasi ukasimama.

“Dogo. Hii alama...”

“Ya pasi.”

“Unajua?”

“Kwani sikuwepo?” Dogo alisema. “Nakumbuka pasi, na kagauni ka mwanasesere. Kalikuwa kekundu. Ulinifunga nako mkono, ukanibeba mgongoni hadi zahanati, wewe peku, na ulikuwa unalia kunishinda mimi niliyeungua.”

“Nilimwambia mama ulijikwaa.”

“Najua. Aliniuliza na mimi, mwenyewe, pembeni. Nikamwambia nilijikwaa.”

Mama Vipimo aliuweka mkasi mapajani. Mtoto wa miaka minne, mkono umefungwa kwa tambara jekundu, alimlinda dada yake asichapwe. Kisha akakaa na siri hiyo hadi siku ya harusi yake, na hajawahi kudai chochote kwa ajili yake, isipokuwa gauni la mikono wazi. Machozi yakamtoka moja kwa moja, bila kupumzika, na safari hii hakutafuta kitambaa.

“Basi, Dada. Bwana wangu, siku ya kwanza tulipoongea nje ya habari za unga, aliniuliza hii ni ya nini. Ndiyo iliyotufungulia maongezi. Angeona ajabu leo nikaifunika.” Dogo akamsukuma kidogo kwa kiwiko. “Fumua, saa zinakwenda. Na usinilowanishie gauni.”

Akafumua. Akakunja kingo za mabega kwa ndani, akazilaza kwa sindano ile ile aliyotoka nayo kwao, mishono midogo kama kawaida yake, huku pua ikimchuruzika na Dogo akimsimulia habari za keki iliyopasuka katikati asubuhi. Bega la kulia alilishona la mwisho, polepole, akilitazama muda wote.

Saa nane kasoro robo gari la kuwachukua lilipiga honi barabarani. Dogo akatoka mbele, mikono yake yote miwili nje, na dada yake nyuma yake akimwambia asimame wima, mabega yaonekane.